Gari ya mkononi: Bongo mnaangalia namba, Uingereza wanaangalia historia

Ndugu zangu wa Bongo, hii ya kupima upya wa gari kwa herufi ya namba ya usajili tuiache jamani. Mtu anakwambia "hiyo namba E bro, mpya kabisa", bei inapanda kwa herufi tu, wakati namba inaonyesha gari imesajiliwa lini Tanzania, haikwambii ilitoka kiwandani mwaka gani wala imetembea kiasi gani Japani. IST ya 2004 inaweza kabisa kuwa namba E.

Huku Uingereza niliko unaingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, bure, inakuletea ukaguzi wote wa MOT, ambao gari ikifika miaka 3 lazima ipite kila mwaka, unaona ilifeli nini, tairi gani imeisha, kutu imeanzia wapi, na maili ilizosoma siku hiyo. Ukikuta mwaka juzi ilisoma 90,000 alafu mwaka jana 60,000 ushajua dashibodi imechezewa, na hata hujatoka nyumbani kwenda kuiona.

Ila huku nako chumvi wanayomwaga barabarani kipindi cha baridi inakula vyuma vya chini, na fundi anachaji kwa saa, klachi ikifa kwenye gari ya pauni 1,000 wengi wanaipeleka skrepa. Gari hiyo hiyo ingekuwa Dar inapona, unaenda Ilala unapata spea ya mtumba kutoka Japani, fundi anafunga, maisha yanaendelea. Kwa mafundi tumewazidi hawa, nasema bila kusita.

Kwahiyo nenda na fundi wako mwenyewe, sio wa dalali, na mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, maana moshi wa bluu unaojificha injini ikishapata moto ndio dalili kwamba injini inakula oili. Vuta mikanda ya viti usome lebo, mkanda wa dereva ukiwa na mwaka tofauti na mingine uliza kwanini ulibadilishwa. Na omba karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoeleza hali ya gari ilipouzwa kule, ulinganishe na namba ya chesisi, ukiona gredi R hiyo iligongwa ikatengenezwa.

Hiyo karatasi ndio inaniuma zaidi. Gari zetu nyingi zinatoka Japani zikiwa na rekodi nzuri kabisa, zikishavuka bandari hakuna anayeendelea kuandika. TRA, mamlaka ya mapato, wana kadi ya gari, trafiki wanakagua, kilomita ziandikwe hapo hapo na mnunuzi azione kwa namba ya chesisi, inashindikana nini?