Shamba Halikuharibika, Fidia Dola 100,000

Februari 1994, jimboni Wisconsin, Marekani, kampuni ya Steenberg Homes ilikuwa ikimpelekea mteja nyumba ya kukokotwa kwa gari. Barabara ilikuwa na kona kali na imefukiwa na theluji. Njia ya mkato ilipita shambani kwa wazee wawili, mtu na mkewe, waliojulikana kwa jina la Jacque. Waliombwa, wakakataa, wakaombwa tena, wakakataa. Kampuni ikapita.

Theluji ilikuwa imelifunika shamba, na hakuna kilichoharibika. Baraza la raia walioteuliwa kuamua kesi likatoa dola 1 ya fidia, kisha dola 100,000 za kuiadhibu kampuni. Jaji alizifuta hizo za adhabu. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya jimbo ikazirudisha.

Wapo wanaoona huu ni ukali usio na maana: laki nzima kwa alama za matairi? Lakini katika madai ya kuingilia ardhi, hasara si sharti. Mdai athibitishe kwamba ardhi ilikuwa mikononi mwake, na kwamba mdaiwa aliingia kwa hiari yake bila ruhusa wala haki ya kisheria. Hata aliyedhani anakanyaga shamba lake mwenyewe ameingilia. Aliyesukumwa akaangukia humo, hapana.

Tazama sasa faini aliyotoza askari: dola 30. Jumlisha na ile dola 1. Bila adhabu ya mahakama, neno "hapana" la mzee lingenunuliwa kwa dola 31, na mnunuzi ndiye angejipangia bei. Kwa kampuni, hiyo ni gharama ndogo ya usafirishaji. Na wazee hawa hawakukataa kwa ukaidi. Walishapoteza kipande cha ardhi cha zaidi ya dola 10,000 kwa majirani walioachwa wakakitumia miaka mingi, hadi sheria ikakihesabu kuwa chao.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya dharura. Mwaka 1908, Mahakama ya Juu ya Vermont iliamua kwamba familia iliyofunga mashua kwenye gati la mtu ili kujiokoa na dhoruba haikuwa na kosa. Mwenye gati ndiye alipaswa kujibu, kwa kuwa mtumishi wake aliifungua. Uamuzi ule ni wa haki. Steenberg haikuwa ikikimbia dhoruba yoyote. Ilikuwa na barabara, iliyohitaji jasho zaidi kupitika.