Fundi Wangu wa Darasa la Nne

Usimsikilize mtu anayekwambia trekta la zamani ni rahisi kutengeneza kwa sababu halina kompyuta. Mchunguze vizuri huyo, utakuta hana trekta, ana maneno. Kweli, kompyuta halina. Lakini lina nati zilizofunga ndoa na bolti zake na hazitaki talaka, lina kutu, lina panya, lina maji pasipotakiwa maji na ni kavu panapotakiwa maji. Halafu juu ya hayo yote mimi nikapewa msaidizi wa darasa la nne.

Sikumwomba. Shule zimefungwa, dada yangu kapiga simu: "Kaka, huyu mtoto anashinda na simu tu. Mchukue, ajifunze kazi za mikono." Nikakubali haraka, nikijua nimepata wa kufagia uwanja. Mtoto akateremka na begi lake, hata kukaa hajakaa, kidole kikanyooka bandani.

"Mjomba, lile linawaka?"

"Haliwaki."

"Kwa nini?"

Sasa jamani, mimi nimeishi na trekta lile kwa amani. Watu wazima wakiuliza kama linawaka, ukawajibu haliwaki, wanasema pole, mnahamia kwenye habari za mvua. Huo ndio ustaarabu. Huyu akataka sababu. Nikamwambia ni bovu. Bovu wapi? Ndani. Ndani wapi? Nikaona heri nishike spana kuliko kuhojiwa na mtu ambaye bado anabadilisha meno.

Lenyewe ni Massey Ferguson 135, lile jekundu, injini ya Perkins ya silinda 3, lita 2.5. Yalitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu katikati ya miaka ya 1960 mpaka 1975, na mpaka leo kuna yanayolima, maana injini ile ni mvumilivu mno. Na mvumilivu unajua anavyofanywa: kila mtu anamwonea. Aliyekuwa nalo kabla yangu alisema analiegesha lipumzike kidogo. Likapumzika mpaka majani yakaota kwenye kiti. Ili kulinda heshima yangu nikamwambia mtoto kwamba mnyama huyu ana nguvu za farasi 45 hivi. Akalizunguka lote, akainama chini ya boneti, akainuka.

"Farasi 45, na panya wamewashinda?"

Maana panya walikuwepo, na familia zao. Wamechana sponji ya kiti, wakaipandisha kwenye chujio la hewa, wakatandika. Waya za taa ya kushoto wamezila zote, za kulia hawajagusa. Sijui walikuwa wanabakiza akiba.

Tuje kwenye spana, maana hapo ndipo nilipozeeka. Mimi nina seti nzuri kabisa ya milimita. Waingereza wa wakati ule walifunga nati zao kwa inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo 13 inaingia lakini inacheza. Hiyo ya 9/16, ambayo imejaa trekta zima, ni milimita 14.29. Spana ya 14 haiingii hata ukiibembeleza. Ya 15 inaingia, inakuchekea, halafu unapovuta kwa nguvu inazunguka yenyewe na kukuachia nati ya mviringo na vidole vilivyochunika. Ni 19 peke yake yenye utu, inakaa vizuri kwenye nati ya robo tatu. Ikabidi nikaazime spana za inchi kwa jirani, na jirani akaja nazo mwenyewe, akiwa na kiti cha kukalia. Huyo tutamrudia.

Ripoti ya shule ya huyu mtoto nimeisoma. Mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu kwamba sehemu katika hisabati hazielewi. Basi mwalimu angekuja bandani. Niko chini ya injini, nasema nipe 9/16. Napewa. Nasema kubwa hii, inacheza. Napewa nyingine bila kutazamwa usoni: "Basi chukua nusu, maana nusu ni 8/16." Nikataka kumpima, nikamuuliza kwa ukali, kwani katikati ya hizo mbili hakuna nyingine? "Ipo Mjomba, ni 17/32, ila kwenye mfuko haimo." Nikarudi chini ya injini. Kuna mambo mtu mzima anayafikiria vizuri akiwa kalala chali.

Na 9/16 ndiyo spana inayopotea. Sijawahi kuona 3/4 ikipotea. Hiyo moja unayoihitaji ndiyo yenye miguu. Mtoto akachukua ubao, akalaza spana zote, akachora kila moja umbo lake kwa chaki ili ijulikane ipi haipo. Nikamsifu. Sikujua kwamba nimejifungulia ofisi ya ukaguzi. Kuanzia hapo nikiweka spana mfukoni nasikia sauti: "Mjomba, 9/16 imetoka na nani?"

Betri tulimaliza haraka, mpya ikafungwa, kazi ya spana moja. Hata hapo kwa nini ikaja: kwa nini unapotoa unaanza na waya hasi? Nikamweleza, na hili nilikuwa nalijua vizuri, kwamba hasi imefungwa kwenye mwili wa trekta. Ukianza na chanya na spana ikagusa chuma chochote, utaona cheche ambazo hukuzipanga. Akaandika kwenye daftari. Ana daftari! Likizo, kwao aliletwa asiandike.

Injini tuliiogopa kuliko kitu chochote, maana iliyokaa muda mrefu pistoni zake zinaweza kujamu. Tukatoa nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, tukadondoshea oili kila silinda, tukaacha ilowe, kisha nikazungusha kwa mkono. Ikazunguka. Nilishangilia peke yangu, yeye akasema kitabu kilishasema inaweza kuzunguka. Kitabu ni kile cha maelekezo ya trekta, alikitoa kwenye sanduku la zana, kimeloa oili, hakina jalada. Mimi kitabu kile siku zote nilikitumia kufutia mikono.

Tangi la dizeli nalo ni habari nyingine. Tulipofungua chini yalitoka maji kwanza. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, na mdomo wa kutolea uko huko huko chini. Baada ya maji ukafuata uji mweusi unaonuka. Akauliza ni nini, nikamwambia ni uchafu. Kitabu kikafunguliwa, simu ya mama yake ikatafutwa, jibu likaja: kuna bakteria na ukungu wanaoishi pale maji yanapokutana na dizeli, wanaila, wanazaliana humo, wanaziba filta. Sasa nilie na nani? Shambani mna walaji, ghalani mna walaji, kwenye kiti cha trekta mna walaji, kumbe hata dizeli yangu ilikuwa na watu wake mezani. Tukaosha tangi, tukabadilisha filta, na mtoto akataka kujua kama wale wa kwenye tangi na wale panya walikuwa wanafahamiana.

Wakati huo jirani amekwisha kuongezeka. Trekta bovu likifunguliwa boneti, washauri wanajua, sijui nani huwapelekea habari. Mmoja anasema livutwe kwa gari litawaka. Mwingine anasema lipulizie dawa ya kuwashia puani. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, anasema uza chuma chakavu. Jirani yangu naye, mwenye kiti, akasema hamna haja ya ufunguo, gusisha tu bisibisi kwenye stata, ile mota ya kuzungushia injini iwake.

Hilo la bisibisi nilikataa kwa sauti. Ukigusisha stata ukiwa chini, unasimama mbele ya tairi la nyuma. Trekta likiwa kwenye gia litawaka na kuondoka, na wewe uko njiani. Limeua watu jambo hilo, na lilianza na mtu aliyekuwa na haraka. Mtoto akasikiliza, akachukua chaki, akachora mstari mrefu kuzunguka trekta, akasimama hapo. Jirani akasogeza kiti aone vizuri. "Samahani babu, uko ndani ya mstari." Mzee mzima akanyanyua kiti chake akarudi nyuma. Mimi nimemwomba huyo mzee arudi nyuma miaka yote, hajawahi.

Ikaja sasa kutoa hewa. Injini ya dizeli haina plagi. Inavuta hewa ndani ya silinda, inaibana zaidi ya mara 15, hewa inapata moto kiasi kwamba dizeli ikipuliziwa humo inawaka yenyewe. Hayo nilimweleza mtoto kwa ufasaha, na mikono nikaitumia. Halafu nikamwambia kazi yetu leo ni kuondoa hewa kwenye mabomba.

"Mjomba, hewa inatakiwa au haitakiwi?"

Umeona? Inatakiwa kwenye silinda, haitakiwi kwenye bomba. Pampu ikisukuma dizeli, nozeli inafunguka. Ikisukuma hewa, hewa inajikunja tu, nozeli inabaki imefumba macho, na wewe unapiga stata mpaka betri inalia. Ndiyo maana unaanza kwenye filta, unalegeza skrubu, unasukuma kile kiwiko kidogo cha pampu kwa kidole mpaka povu liishe itoke dizeli tupu, unakaza, unahamia kwenye pampu kubwa, unaishia kwenye nozeli.

Nikasukuma kiwiko. Kimelegea, hakina nguvu, hakitoi kitu. Nikasukuma mpaka kidole gumba kikakataa kuitika jina. Washauri wakasema pampu imekufa, wa chuma chakavu akatabasamu. Kutoka nyuma ya mstari nikasikia ukurasa ukifunuliwa. "Kinasema kiwiko kikilegea, zungusha injini kidogo, kamshafti, ule mhimili wa ndani unaokisukuma, imesimama vibaya imekibana." Nikazungusha injini kidogo. Kiwiko kikashika, dizeli ikapanda. Nikawaambia watu kwamba hilo nilikuwa naliacha kwa makusudi, nione nani anafuatilia.

Kwenye nozeli nilimkataza kusogea kabisa, maana dizeli ya pale inatoka kwa shinikizo la kutoboa ngozi. Akakubali, lakini akajipa utangazaji. Nalegeza nati, jirani kwenye kiti cha dereva anapiga stata, gia ziko huru, na kutoka kwenye mstari tunapata habari kamili: "Silinda 1 povu! Bado povu! Safi, kaza! Hamia 2!" Wapita njia wakauliza fundi ni nani, wakaonyeshwa mtoto. Wakauliza na yule mzee mwenye oili usoni? Msaidizi wake.

Likawaka. Kwanza lilikohoa moshi mweupe, likasita, silinda mbili zikashika, ya tatu ikafikiria, ikajiunga. Bomba la moshi likarusha sponji ya kiti, nyasi, na kitu ambacho sitaki kukijua. Kelele zikawa kubwa mno, kila mshauri akawa anapiga kelele kwamba yeye ndiye alisema. Wa chuma chakavu alipiga kelele kuliko wote.

Jirani akataka kulizima. Akazungusha ufunguo, trekta linaendelea kuunguruma. Akauchomoa ufunguo, akaushika mkononi, linaunguruma. Akapauka. Alidhani limepata akili zake. Injini hii haijali ufunguo, dizeli inakatwa kwa kuvuta kitasa cha kuzimia. Mtoto akampigia kelele: "Vuta kitasa, babu!" Akavuta. Kimya. Toka siku hiyo anamwita fundi, na mimi ananiita wewe.

Mngedhani tumemaliza. Tukawasha tena, nikakanyaga klachi niingize gia, sauti iliyotoka kwenye giaboksi siwezi kuiandika. Sahani ya klachi imeshikana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa kutu. Pedali inashuka vizuri, huko ndani hakuna kinachoachana. Kwa hiyo nina trekta linalounguruma vizuri sana palepale lilipo. "Sasa Mjomba, ni jenereta?"

Washauri wakasema liwashwe likiwa kwenye gia, likimbizwe, klachi itaachia yenyewe njiani. Pamoja na breki zile! Fundi akaamua, tunazima, tunakandamiza pedali kwa kipande cha ubao, tunaiacha hivyo na tunaijaribu kila baada ya muda. Hilo nalo limo kwenye kitabu, au alilitunga, sikupata nafasi ya kuhakiki.

Likizo ikaisha akarudi kwao. Kabla ya kuondoka akaandika kwa chaki kwenye boneti: USIGUSE UBAO. Nyumba yangu, banda langu, trekta langu. Dada yangu akanishukuru, eti mtoto kaacha kabisa mambo ya simu. Kaacha wapi? Kila jioni simu inaita.

"Mjomba, ubao upo?"

"Upo."

"Nitumie picha."

Usiku, na tochi, mtu mwenye heshima zake anainama bandani kupiga picha pedali. Natuma. Nasubiri. Tiki za bluu zinatokea, simu inaita tena.

"Ubao nimeuona. Na hiyo 9/16 iliyoko chini, mbona haiko kwenye ubao wake?"

Nikamwambia chaji inaisha.