Ndege ya Daktari Haikuja

Nilipoaga Tanga kwenda kumtembelea dada yangu Australia, kila mtu alinipa onyo lake la nyoka. Mama alinifungia kitunguu saumu kwenye leso, kikaishia pipani uwanja wa ndege, maana wale watu hawacheki na vitu vya shamba. Basi nilifika kwa shemeji, shamba la kondoo kaskazini ya mji wa Broken Hill, sina kinga. Nikachonga fimbo ya kangaruu, na viatu nikawa navikung'uta buibui kabla ya kuvaa. Mjusi hakuwemo kwenye ratiba.

Ilikuwa Oktoba, jioni. Natoka barazani kuanua taulo, naona kitu kinene kimelala ngazi ya chini, magamba makubwa makubwa. Upande huu kichwa. Upande ule, kichwa. Kikafumbua kinywa, kikatoa ulimi wa bluu kama wino wa kalamu.

Za ngazi sikuzikumbuka tena. Niliruka. Kifundo kikaenda kushoto, mwenyewe nikaenda kulia.

Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, ni mjusi tu! Hicho cha nyuma mkia!" Kweli, mkia wake mfupi na mnene umeigiza kichwa, na mwenyewe anakula maua na konokono, mwendo wa bibi harusi. Mtoto akanionyesha wa pili kichakani: mkewe. Eti kila majira ya kuchipua dume hurudi kwa jike yule yule. Kumbe nimeharibu fungate la watu.

Mguu ukavimba. Dada akafungua friza akaniwekea kilichokuwa juu: mkia wa kangaruu, umeganda, na manyoya yake. Nikalala kochini, nimemlalia kwa mguu mnyama niliyemchongea fimbo.

Shemeji akawapigia madaktari wa ndege, wanaohudumia watu wa mbali kama wale. Hapo, nisiwafiche, maumivu yalipungua. Ndege! Nikamwambia dada aniletee shati la kitenge na chaja ya simu. Tukingoja daktari aje kwenye laini, shemeji akanishushia historia ya huduma hiyo ilivyoanza: mchungaji wa kanisa John Flynn, mwaka 1928, mji wa Cloncurry kule Queensland, ndege ya kukodi. Mimi naguna, yeye anadhani naitikia.

Daktari akaja. Mbonyezeni mfupa nyuma ya kifundo, ndani na nje. Unauma? Hapana, panapouma ni mbele kidogo. Anaweza kutembea hatua 4? Dada akanitazama. Nikajitahidi kushindwa. Hatua ya kwanza nililia kwa ufundi, ya pili nikashika ukuta. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu wa damu, akapiga ukelele: "Mjusi!" Nikamaliza zote 4 na za ziada mpaka jikoni.

Daktari alikuwa kwenye spika. Akasema mfupa ni mzima, ndege haina kazi hapo, fungueni sanduku.

Mashamba ya huko yana sanduku la dawa lenye kufuli. Kila dawa ina namba: daktari anataja namba kwenye simu, mwenye sanduku anaitoa. Utaratibu huo ulianza 1942 (shemeji tena, sikumwuliza). Nikafumba macho nikingoja dawa nzito ya kizungu. Kufuli likafunguliwa. Namba ikatajwa, ikarudiwa, ikaandikwa daftarini. Ikatoka panadol.

Kumbe dada alishatuma sauti kwenye kundi la familia. Sisi jua linazama, Tanga saa tano asubuhi, watu wote macho. Yeye alisema tu nimeanguka baada ya kuona mdudu mwenye vichwa viwili. Habari ikafika Pangani nimeng'atwa na joka. Kufika Muheza nimeshapakiwa kwenye ndege, na mchango umefunguliwa, mweka hazina shangazi.

Nilipoamka nikatuma picha ya mguu, umefungwa bandeji. Shangazi akajibu, "Ndio huo? Mbona una vidole vyote?"

Nikauliza kwa adabu habari ya mchango. Kama mgonjwa mwenyewe, nilidhani nina fungu.

"Tumepikia dua yako, mwanangu. Pilau la mbuzi. Ungekuwepo ungekula."

Akatuma na picha. Sahani zilikuwa tupu.