Nilivyoipokea ndege ya Muscat pale Mtwara

Jamani mi mwenyewe nilijitia mjuaji, sina wa kumlaumu. Anko wetu yuko Oman miaka kibao, akatuma voisi kwenye grupu la familia, "kesho naondoka Muscat saa nne asubuhi, mnipikie ming'oko", basi, simu akazima. Bi mkubwa akaniuliza sa atafika saa ngapi?

Nikaingia mtandaoni nikaandika Muscat mpaka Mtwara, ikaja ramani ina mstari umenyooka kama rula unakatiza baharini, kilomita kama 4,200. Ndege kubwa inatembea kama 850 kwa saa, nikagawanya, masaa matano. Halafu nikakumbuka na Oman wako mbele yetu saa moja, saa nne yao ni saa tatu yetu, hapo ndo nikajiona profesa kabisa, nikatangaza: SAA NANE MCHANA ANKO YUPO UWANJANI.

Mama kaamka usiku kukuna nazi. Wali, pweza wa mchuzi, ming'oko sufuria zima. Tukakodi Noah kutoka Chikongola tukajaa watu kumi na moja, bibi kavaa kanga mpya bado inanukia duka, na hotipoti tumezipakata tukampe ale hapohapo, maana ndege huwa hazishibishi (hiyo ni kauli ya bibi, ambaye hajawahi kupanda).

Saa nane kasoro tupo getini, kimya, hata gari hamna. Mlinzi akaja, "mnapokea nani?" Nikamjibu kwa kujiamini, ndege ya Muscat. Akanitazama, akazitazama hotipoti, akamtazama bibi. "Kijana, ya Dar ilishakuja ikaondoka asubuhi. Hiyo ya Muscat nani kakwambia inatua hapa?" Nikamwonyesha simu. Akaishika, akasoma weee, akasema "hapa wamepima umbali tu babu, hawajasema kuna ndege."

Watu kumi wote wakageuka kuniangalia mimi.

Saa tisa simu ya anko ikaingia, yupo Dar, ndo kwanza anasubiri begi. Masaa yaleyale matano na kidogo, ila ya kufika Dar! Akasema ndege ya kesho ya Mtwara imejaa, anapanda basi. Bibi akasema basi chakula kisilale, tukafunua palepale kwenye Noah, mlinzi naye akapewa sahani, na namna alivyomshambulia yule pweza sijawahi ona.

Kesho yake anko katoka Mbagala alfajiri, kilomita kama 560, kashuka stendi jioni miguu imevimba, masaa karibu kumi na moja na pancha moja huko Nangurukuru. Hata salamu hajaitika: "Nani alisema masaa matano?" Mama akaninyooshea mwiko.

Ming'oko ilibaki ya jana, akala hivyohivyo. Kuhusu pweza alipouliza, tukasema bei imepanda.