Maji Yamesimama, Baba Atembee

Huku Minnesota, Marekani, mtu akikuambia leo nje kumependeza, muulize kwanza kumempendeza nani. Jirani yangu, mzee wa watu mwenye heshima zake, alinikuta nakwangua barafu kwenye kioo cha gari, baridi digrii 12 chini ya sifuri, akaniambia kwa uso mkunjufu kwamba tumejaliwa siku njema. Nikamkagua nione kama ananitania. Wapi! Alikuwa amevaa kaptura, anapeleka taka.

Hao ndio wanaonilelea watoto. Shuleni wanatolewa nje kucheza kwenye theluji, wakirudi nyumbani wananihubiria kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Naapa msemo huo aliutunga muuza nguo. Mtoto mmoja anataka fulana ya sufu ya kubana, maana ya pamba ikilowa jasho inamgandia mwilini. Juu yake sweta. Juu ya sweta koti. Suruali ya theluji, soksi nene, buti, skafu, boshori. Glavu nazo si zile za vidole vitano, hapana, ni za kifuko: vidole vinne vinalala chumba kimoja vipashane joto, gumba anajitegemea. Msimu ukirudi, miguu imekua, buti haliingii, tunaanza upya. Mshahara wangu haujui kukua hivyo. Ashukuriwe Mungu huku nako kuna mitumba, nachagua makoti kabla hayajafungwa robota kwenda soko la Gikomba kule Nairobi.

Basi Jumamosi, siku ya mtu kulala. Nimekesha zamu ya usiku nikigeuza wazee vitandani, narudi asubuhi macho yanawasha, mama watoto ananipokea mlangoni.

"Baba watoto, hawa wamekodolea simu tangu waamke. Wapeleke Minnehaha wakaone maporomoko yalivyoganda. Ni hapo tu."

Kwetu ukiambiwa ni hapo tu, beba chakula cha siku mbili. Lakini hii kweli ilikuwa hapo tu, ndani ya jiji la Minneapolis, hata treni inashusha watu jirani. Kijia chenyewe ni kifupi, ungekimaliza chai haijapoa, mradi uwe peke yako.

"Na wewe huji?"

"Mimi nina nguo za kukunja." Alisema hayo akiwa ndani ya blanketi.

Kuvalisha sasa. Kitinda mimba ukimtanguliza glavu, hawezi kufunga zipu. Ukitanguliza zipu, glavu haipandi juu ya mkono wa koti. Buti la kushoto liko garini, nani alilipeleka huko hakuna ajuaye. Nilipomaliza naye, mikono ilikuwa haishuki, amesimama kama msalaba wa kanisani. Na usidhani aliyetaka choo baada ya zipu zote kufungwa ni mtoto. Ni mimi.

Tukafika. Sasa nisaidieni, wenye akili. Mimi ni mtu wa Nyahururu, Kenya. Kwetu kuna maporomoko ya Thomson, maji yanashuka mita 74 kwa kishindo, na sikumbuki hata mara moja nikienda kuyatazama kwa makusudi. Wageni ndio walikuwa wanatazama, sisi tulikuwa na ng'ombe. Leo nimevuka bahari, nimesimama juu ya mita 16 za maji ambayo hata hayaanguki. Yamesimama! Maji yenyewe yameona baridi hii hapana, yamegoma papo hapo yalipofika, halafu mimi mwenye damu ya moto ndiye nazunguka na watoto.

Sisemi hayapendezi. Ile barafu inashuka kama mapazia, penye unene inageuka rangi ya samawati, na ukitega sikio unasikia kijito kikinong'ona huko ndani. Kupendeza, yamependeza. Hata picha ningeipiga, lakini simu iliyotoka nyumbani na chaji tele ilionja baridi ikazimika kabisa. Hizi betri zimetengenezwa wapi, si huku huku kwenye nchi za baridi?

Kifungua mimba akaanza kunisomesha. Anasema mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitembelea hapa, na kulikuwa na ukame, kijito hakina kitu. Jiji likafungulia mabomba ya zimamoto huko juu ili mheshimiwa akute maporomoko yanaporomoka. Nilicheka peke yangu hadi mama mmoja mwenye mbwa akavuka upande wa pili. Kumbe ni walewale! Kwetu rais akija, barabara inawekwa lami usiku mmoja na mawe yanapakwa chokaa hadi kwenye kona asiyopita. Mimi mlipa kodi nimekuja, hakuna hata aliyenimwagia jagi la maji ya moto.

Halafu likaja suala la geti. Ngazi za kushuka chini hufungwa wakati wa baridi kwa sababu ya utelezi, na kuna kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba pamefungwa. Lakini chini kule unaona watu kibao. Mwamba wa juu ni chokaa ngumu, wa chini ni mchanga laini ambao maji yameula miaka na miaka, kwa hiyo nyuma ya barafu kuna nafasi ya mtu kupita. Kila mtu anataka picha akiwa nyuma ya pazia. Basi wanaruka kizuizi: vijana, wapenzi, na baba mmoja kambeba mtoto mgongoni.

"Baba, twende. Kila mtu anaruka."

Mwanangu, hao wanaoruka wamezaliwa hapa na babu zao. Mimi kila hati niliyo nayo imetoka baada ya kupigwa picha, alama za vidole, na maswali ya kama nimewahi kuvunja sheria yoyote popote duniani. Sitaruka geti mbele ya kibao ili nione mgongo wa barafu. Nikawaambia baridi imezidi. Na si uongo: upepo ukivuma hadi baridi ikahisiwe kama digrii 28 chini ya sifuri, nusu saa inatosha kugandisha ngozi iliyo wazi, na hatukuwa mbali sana na huko. Watoto hupoteza joto haraka kuliko sisi. Hayo ni maneno ya wataalamu. Lakini angalia mwenye baridi ni nani! Meno yanayogongana ni yangu. Wao wamelala chali kwenye theluji wanapiga mikono wapate umbo la malaika, kisha mmoja anaila.

Nikatoa chai. Ya kwenye chupa ilikuwa salama, ila mandazi niliyoyatia mfukoni yamekuwa ya kupigia misumari. Wakayala. Watoto walewale ambao nyumbani andazi likilala usiku mmoja wanasema limeharibika.

Kuondoka ndiko kulikuwa kazi. Desemba huku jua linazama saa kumi na nusu jioni, bila hata kuaga. Jua letu lina adabu, mwaka mzima unajua litatoka kazini saa ngapi. Giza linaingia, nawaita, hawasikii, boshori zimeziba masikio. Kitinda mimba ameng'oa mchirizi wa barafu kwenye ukingo wa paa la banda, mrefu kuliko mkono wangu, na hauachi. Nikamwambia barafu iko hata nje ya mlango wetu. Si kama hii, anasema, hii ni ya Minnehaha. Akalia machozi. Nikaogopa yasije yakamgandia, nikakubali.

Njia nzima nimeendesha bila kuwasha joto la gari ili mzigo usiyeyuke. Nyumbani mama watoto ametoka kwenye blanketi, akasema ni mzuri, akafungua friza. Haukutosha. Basi sasa kipande cha barafu kimelala ndani ya friza kwa umeme ninaoulipia, na nyama ya mbuzi imetolewa nje kwenye veranda, ambako kwa kweli imeganda vizuri zaidi.