Umeandikiwa mazoezi tu? Hujapunjwa

Malalamiko haya yanasikika kwenye mabenchi ya kliniki za fiziotherapia kuanzia Moshi mpaka Nakuru. Mgonjwa katoka mbali, goti limevimba au kiuno kimekaza, kalipia huduma, halafu mtaalamu kamshika dakika chache tu. Kampa kiti, kamwambia ainuke na kukaa mara kumi, kamwagiza akarudie nyumbani kila siku, basi. Jirani yake aliyekwenda kwingine kachuliwa, kawekewa taulo la moto, kabandikwa nyaya za mashine ya umeme, na katoka anasema anajisikia mwepesi. Kati ya hao wawili nani katibiwa? Mtaani jibu ni moja: ni huyo wa pili, na huyo wa kwanza kaliwa hela yake.

Naona mtaa umekosea, na kosa hilo linawagharimu sana watu wanaotegemea miili yao kupata riziki. Lakini halikuzuka hivi hivi, kwa hiyo tuanze na haki ya wanaotetea mikono na joto.

Kukanda tumekuta kwetu. Mama akijifungua anakandwa kwa maji ya moto, babu akilalamikia magoti wajukuu wanampaka mafuta usiku. Na maumivu yanapungua kweli. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za maumivu zikifika kwenye uti wa mgongo zinaweza kuzuiwa kwa kiasi na taarifa za mguso na mkandamizo zinazoingia wakati huohuo. Nadharia yao imerekebishwa sana tangu hapo, ila kiini chake kimebaki, na ndicho kilichozipa nguvu zile mashine ndogo za umeme zinazobandikwa kiunoni. Tena mtu aliyeishi na maumivu miaka mingi, akishikwa kwa utaratibu na kusikilizwa, misuli aliyokuwa anaikaza kwa woga huanza kulegea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeitaja masaji miongoni mwa tiba zinazoweza kutolewa. Anayesema kuchua ni ushamba hajausoma.

Mashine ni habari nyingine. Mwongozo huohuo unashauri zisitolewe kama kawaida kwa kiuno sugu: ya umeme, ya mawimbi ya sauti, ya kuvuta mgongo, na hata ile mikanda mipana inayouzwa mpaka barabarani. Uingereza ilikwishasema hivyo kupitia NICE, taasisi yake inayotoa miongozo ya tiba, mwaka 2016. Kuhusu ile ya mawimbi ya sauti, mapitio yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Physical Therapy la Marekani yalikusanya majaribio 35. Yaliyofanywa kwa ubora unaokubalika yalikuwa 10 tu, na katika hayo 10, majaribio 8 hayakuonyesha tofauti na tiba ya bandia, yaani kichwa cha mashine kinazungushwa juu ya jeli huku hakitoi chochote. Ni zaidi ya miaka 20 sasa, na mashine bado ndiyo inayokaa katikati ya chumba, ndiyo inayopigwa picha kwenye matangazo.

Turudi kwa yule wa kiti. Tumchukue mama wa miaka 58, mama lishe, goti la kulia linamsumbua asubuhi na anapopanda ngazi. Kaambiwa na wengi kwamba ute wa goti umekauka, anywe supu ya makongoro na ale bamia kwa wingi. Bamia ni chakula kizuri, lakini utelezi wake unamalizikia kwenye utumbo. Hakuna njia ya kuufikisha gotini. Gegedu, ile nyama ngumu yenye uso wa kuteleza inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Inapata chakula chake kutoka kwenye majimaji ya kiungo, na majimaji hayo yanaingia na kutoka pale goti linapobebeshwa uzito na kuachiwa, likabebeshwa na kuachiwa. Goti linalopumzishwa mwezi mzima linanyimwa hilo. Wakati huohuo msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao ungepaswa kupokea sehemu ya mzigo kila anaposhuka ngazi, unasinyaa kwa kutotumika. Mzigo wote unabaki kwenye kiungo, maumivu yanazidi, anapumzika zaidi.

Kuinuka kwenye kiti kunakata mzunguko huo hapohapo. Kiti cha plastiki kimeegemezwa ukutani kisiteleze, mikono imekunjwa kifuani ili asijisukume nayo, miguu imeachana kwa upana wa mabega, magoti yanaelekea kule vidole vinakoelekea. Anainuka, kisha anashuka taratibu akihesabu mpaka tatu. Ile kushuka polepole ndiyo inayolifanyisha paja kazi. Ikiwa kiti ni kifupi mno anaongeza mto, na wiki zikipita mto unaondolewa. Je, akisikia maumivu? Katika GLA:D, mpango wa elimu na mazoezi kwa wenye magoti na nyonga zilizosagika ulioanzishwa Denmark mwaka 2013, wagonjwa wanafundishwa kuyapima kwa alama 0 hadi 10: yakibaki 5 kushuka chini, na yakarudi hali yake ya kawaida ndani ya saa 24, anaendelea. Yakizidi hapo anapunguza, haachi. Nimeona wagonjwa wengi wakikosa maelezo haya tu. Wanafanya siku mbili, goti linauma, wanahitimisha kwamba mazoezi yanawaharibu, na hawarudi.

Ushahidi wenyewe una uzito gani? Mwaka 2020 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la watu 156 waliotibiwa katika mfumo wa hospitali za jeshi la Marekani, wote wana goti lililosagika. Nusu walichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, gotini, nusu wakapewa fiziotherapia. Walianza karibu sawa, alama 109 na 107 kwenye kipimo cha 0 hadi 240 kinachojumlisha maumivu, ukakamavu na ugumu wa kufanya shughuli. Baada ya mwaka, waliochomwa sindano walikuwa na wastani wa 55.8, wa fiziotherapia 37.0. Fiziotherapia hiyo haikuwa mazoezi matupu: wataalamu walitumia mikono kulichezesha goti, kisha mgonjwa akafanya mazoezi yanayolinda kile kilichopatikana. Wanaotetea mikono wana haki ya kulishika jaribio hili. Mimi nalisoma hivi: mikono ilifungua njia, miguu ikaipita.

Sitaki pia kuuza mazoezi kwa bei yasiyostahili. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalikuta yanapunguza maumivu ya goti kwa alama 12 hivi katika 100, na hesabu zilizofuata zimeishusha namba hiyo. Kwa kiuno sugu, mapitio ya 2021 yenye majaribio 249 yalikuta alama 15 ukilinganisha na kutotibiwa au huduma ya kawaida. Si muujiza. Kuna atakayefanya kila kitu sawasawa na bado akaumwa. Na kwa kiuno kilichoanza jana, haraka ya mazoezi haina faida: huko Helsinki, Finland, jaribio la wafanyakazi 186 wa jiji lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba walioambiwa waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza walipona haraka kuliko waliolazwa kitandani siku mbili, na kuliko waliopewa mazoezi maalumu ya mgongo. Maumivu mapya yanahitaji subira na kutolala. Mazoezi yaliyopangwa ni ya maumivu yaliyogoma kuondoka.

Kuna takwimu moja ningependa ibandikwe ukutani kwenye kila chumba cha MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Mwaka 2015 jarida la American Journal of Neuroradiology lilichapisha mapitio ya picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo kabisa. Kwa wenye miaka 20, watu 37 katika kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa, yaani vile vitu kama mito vilivyo kati ya pingili za mgongo. Kwa wenye miaka 50, watu 80. Kwa wenye miaka 80, watu 96. Diski zilizotokeza nje kidogo zilionekana kwa 30 katika 100 wakiwa na miaka 20, na 60 katika 100 wakifika 50. Narudia: hawa hawakuwa wanaumwa.

Sasa mweke hapo mwalimu wa miaka 50 ambaye kiuno kimemkamata wiki tatu. Kachangiwa na ndugu, kalipa laki kadhaa, kapigwa picha, na majibu yanasema diski zimechakaa na moja imetokeza. Kila neno ni kweli. Lakini wenzake 80 katika 100 wa rika lake, wanaocheza harusini na kubeba magunia, wana diski zilizochakaa kama zake, na kwa 60 zimetokeza. Hakuna aliyemweleza. Anarudi nyumbani akiamini mgongo wake umesagika, na kuanzia siku hiyo habebi ndoo, hainami kuokota chaki, anafundisha amekaa, haendi tena kwa miguu mpaka kituoni. Miezi sita baadaye kweli ni dhaifu, na udhaifu huo mwingi umetokana na majibu kuliko diski. Ukimwambia mtu huyu afanye mazoezi anaona unataka kumvunja. Taulo la moto halimtishi, kwa hiyo analifuata taulo. Sehemu kubwa ya upendeleo wetu kwa tiba za kulala kitandani imejengwa na hofu ya namna hii, na hofu hiyo mara nyingine inatoka mdomoni mwetu sisi wa hospitali.

Zipo hali ambazo kipimo kinahitajika, tena bila kuchelewa. Miguu inayopoteza nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo au haja inayoziba au kutoka yenyewe: hizo ni za hospitali leo hii. Homa za jioni, kukonda bila sababu na maumivu yanayozidi usiku nayo hayangoji, maana kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo huku kwetu. Mwenye dalili hizi haifai kuchuliwa wala kufanyishwa mazoezi kabla hajachunguzwa.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya upande wangu haitoki kwenye majarida. Inatoka kwa mkulima: "Nalima kutwa na jembe la mkono, nachota maji, nabeba kuni. Mazoezi gani tena?" Na kuli wa sokoni anauliza vivyo hivyo. Mtaalamu anayelijibu swali hili kwa kucheka hafai. Kazi na mazoezi vinatofautiana kwa jambo moja: kazi haimsubiri mtu. Shamba ni lilelile awe mzima au mgonjwa, gunia lina kilo zilezile, na mwili unainama upande uleule maelfu ya mara bila siku ya kupona. Zoezi linaanza chini ya uwezo wake, linapanda kidogo kidogo, linagusa misuli ambayo kazi yake haiifikii, mfano ya nyuma ya nyonga kwa anayeinama siku nzima. Lakini namkubalia sehemu ya hoja yake. Kwake yeye nusu ya tiba ni kuipanga kazi: abadilishane jembe na palizi ya kuchuchumaa, agawe mzigo mara mbili, apumzike kabla kiuno hakijadai. Na jioni akikandwa maji ya moto ili alale vizuri, nani amkataze? Usingizi nao ni tiba. Hata vidonge vya maumivu kama diklofenaki vina nafasi kwa siku chache. Ninachokipinga ni ile sindano ya maumivu ya kila mwezi ya duka la dawa, mwaka baada ya mwaka, huku tumbo, figo na presha vikilipa deni.

Lawama nyingine inatuangukia wenyewe wa fani. Karatasi yenye michoro ya vijimtu, maelezo ya dakika tano, na tarehe ya kurudi baada ya miezi miwili: hiyo haistahili kuitwa tiba ya mazoezi, na mgonjwa anayeona kapunjwa hapo kapunjwa kweli. GLA:D inampa mtu masomo mawili kuhusu ugonjwa wake na vipindi 12 vya mazoezi vinavyosimamiwa katika wiki sita. Kwa kliniki zetu zenye mtaalamu mmoja na foleni ya watu arobaini inaonekana ndoto, ila vipindi hivyo ni vya kikundi. Watu wanane wenye magoti, viti vinane, ukumbi wa zahanati au wa kanisa, saa moja mara mbili kwa wiki. Mashine moja inahudumia mtu mmoja kwa wakati, na inahitaji umeme.

Kikwazo kikubwa ni malipo. Kliniki nyingi zinalipwa kwa kila hudhurio, na mgonjwa aliyejifunza kujihudumia ni hudhurio lililopotea. Bima na hospitali zikianza kulipia kozi nzima ya wiki sita kwa bei moja, pamoja na simu ya kufuatilia katikati, mtaalamu ataacha kupata hasara kwa kumfundisha mtu vizuri. Mpaka hapo mgonjwa anaweza kudai mwenyewe. Aliyeandikiwa mazoezi aombe ayafanye mbele ya mtaalamu mpaka asahihishwe, aulize ni maumivu kiasi gani yanaruhusiwa, na aulize lini yataongezwa uzito. Aliyewekewa mashine kwa mara ya sita naye aulize baada ya hii kinafuata nini.