Kompyuta hainoi panga la feni peke yake

Mtu akiniletea zile picha za rangi kutoka kwenye programu ya kuiga mtiririko wa hewa, nyekundu huku na buluu kule, akasema panga lake jipya limepandisha ufanisi, swali langu la kwanza halihusu panga. Namuuliza: mwanya kati ya ncha na pete ya nje uliweka milimita ngapi? Mara nyingi jibu ni sifuri, kwa sababu bila mwanya hesabu huenda haraka. Lakini pale nchani ndipo hewa inapotoroka kutoka upande wenye shinikizo kubwa kwenda upande wa pili, ikajisokota kuwa kimbunga kidogo kinachokula nguvu na kupiga kelele. Ukiuondoa mwanya, umeondoa hasara kubwa kwa kalamu tu.

Sidharau kompyuta. Feni inayosukuma hewa sambamba na ekseli yake haibuniwi kwa macho. Chukua yenye kipenyo cha milimita 600 na kitovu cha milimita 200, ikizunguka mara 1,440 kwa dakika. Ncha inakwenda mita 45 hivi kwa sekunde. Shina la panga, pale kitovuni, mita 15 tu. Hewa ikiingia moja kwa moja kwa mita 10 kwa sekunde, shina linakutana nayo kwa pembe ya nyuzi 33 au 34, ncha kwa nyuzi 12 na ushee. Ndiyo maana panga zuri limesokotwa. Kutafuta msokoto, upana na mpindo kwa pamoja ni kupitia maumbo mamia, na kazi hiyo mashine inaiweza kuliko sisi.

Ila ni mtumishi mtiifu kupita kiasi. Ukiiagiza ipandishe ufanisi kwenye nukta moja ya kazi, yaani kiasi kimoja cha hewa na shinikizo lake, itapandisha hapo hapo na kukutelekeza kwingine. Feni nayo haikai kwenye nukta moja. Kichujio kikijaa vumbi, hewa inapungua, inaligonga panga kwa pembe kali zaidi, mwishowe inabanduka mgongoni mwake. Shinikizo linaporomoka na feni inaanza kunguruma. Hapo pia ndipo programu zinazokadiria msukosuko kwa wastani zinapokosea zaidi, kwa hiyo usitarajie zikuonye mapema. Mimi niko radhi kupoteza kidogo kileleni ili nipate feni inayovumilia.

Halafu kuna ujanja wa ufanisi wenyewe. Ufanisi wa jumla unahesabu hata nguvu ya mwendo iliyomo kwenye hewa inayotoka. Kwa feni inayotupa hewa nje, bila kitu cha kuirudisha nguvu hiyo, mwendo huo umepotea, na namba ya haki ni ile ya shinikizo tuli, yaani shinikizo bila kuhesabu mwendo wa hewa, ambayo siku zote ni ndogo. Wauzaji wanajua waonyeshe ipi.

Na kabla hata ya kuwasha programu, pima hewa inayohitajika kweli. Ukipunguza mzunguko kwa asilimia 20, kwenye mfumo uleule wa mabomba, hewa inashuka hadi asilimia 80, ila nguvu inayoliwa inashuka hadi 51 hivi, maana inafuata mchemraba wa mwendo: 0.8 × 0.8 × 0.8. Kama feni ilikuwa kubwa kuliko kazi yake, hakuna msokoto wa panga utakaofikia akiba hiyo.